Chati ya Maziwa Yaliyokataliwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza kuingiza daftari la miezi mitatu kwenye kompyuta. Macho yanawasha. Meneja wa ushirika anataka chati ya maziwa yaliyokataliwa, ya kuonyesha wanachama Jumatano. Njia tatu za kukusanyia maziwa: ya juu, ya kati, ya chini. Nguzo tatu tu.

"Makena, weka rangi," akasema. "Watu wanapenda rangi."

Nimeweka. Ya chini nimeipa nyekundu kwa sababu ndiyo ndefu. Inapendeza. Nimeitazama kama keki niliyooka mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nguzo nyekundu ilijaa ukuta. Ukumbi ukaanza kunguruma. Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Huyo Mwenda anatia maji!"

Mwenda ndiye hubeba maziwa ya njia ya chini kwa pikipiki, mitungi minne kila asubuhi. Maziwa yenye maji hushikwa na kipimo kingine kabisa. Haya yaliganda kwenye spiriti, yaani yalikuwa yameanza kuchacha. Nilijua. Sikusema. Sikuwa nimeandika kichwa juu ya chati, basi watu wakaiandikia chao.

Mwenda amesimamishwa hadi mkutano wa tarehe kumi na saba. Ana watoto watatu na hana shamba la maana. Watu waliipiga chati picha.

Naona aibu. Pia nimeudhika. Kwani mimi nilisema nini?

Ijumaa, 7 Machi

Picha iko WhatsApp. Sasa anaitwa Mwenda Maji.

Jumamosi, 8 Machi

Embu, kwa dada yangu Kagendo. Anafundisha hesabu, anakaa mtaa wa Dallas huko huko Embu. Nikamwonyesha chati kwenye simu nikitarajia sifa. Akacheka hadi chai ikammwagikia.

"Wewe! Sifuri iko wapi?"

Kweli. Kompyuta ilianzisha mhimili wa namba mahali ilipotaka, nami nikaitikia amina. Tulichora upya kutoka sifuri, nyuma ya karatasi ya mtihani. Nguzo nyekundu ikanywea. Bado inazizidi zile nyingine, ila kwa kimo cha kawaida. Nilikasirikia kompyuta, kisha nikajikasirikia mwenyewe.

Lakini hiyo ziada iliyobaki inaniwasha. Kwa nini njia ya chini? Kitu kisichojieleza hakiniachi nile.

Jumapili, 9 Machi

Ibada ya kwanza, kwaya, kisha kufungua ofisi saa tatu kama kila Jumapili. Aliyechukua nafasi ya Mwenda alikuwa langoni na mitungi ya njia ya chini. Kathure, mpimaji wetu, akajaribu kwa spiriti. Mtungi wa kwanza ukaganda. Wa pili pia.

Mwenda yuko kwake. Basi nani amechachisha?

Jumanne, 11 Machi

Nimeachana na nguzo. Nimechukua karatasi ya miraba, nikaandika siku saba kwa kufuatana, na kila mtungi uliokataliwa nikautilia nukta kwenye siku yake. Nyekundu kwa njia ya chini, nyeusi kwa nyingine. Jumatatu hadi Jumamosi: moja hapa, mbili pale, za njia zote. Jumapili zimesongamana hadi zinagusana. Karibu zote nyekundu.

Nilifurahi mno. Nilisimama, nikazunguka meza. Jumapili ina nini? Jua ni lile lile. Ng'ombe hawasali.

Halafu nikaona. Ufunguo wa lango ninao mimi. Siku nyingine nafungua saa kumi na mbili na nusu. Jumapili saa tatu, nikitoka kanisani, na hakuna aliyewahi kuuita huo uchelewaji. Njia ya juu na ya kati kuna baridi, na watu wa huko hutoa maziwa wakishatoka ibadani. Njia ya chini kuna joto, nao hutoa alfajiri, kabla ya kuvaa nguo za kanisa. Mitungi yao hunisubiri nje, juani.

Nimekaa. Tarehe zote kwenye daftari ni mwandiko wangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemfuata Mwenda nyumbani. Alikuwa anakata majani ya nepia kwa ng'ombe wa jirani, kibarua. Nikamweleza, nikamuuliza mbona hakusema.

"Madam, ningesema nini na nyinyi mko kanisa?"

Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

Jumatatu, 17 Machi

Safari hii niliandika kichwa kabla ya nukta ya kwanza: Maziwa ya njia ya chini huchacha Jumapili, lango likifunguliwa saa tatu. Nikasema nani hufungua. Meneja alikohoa sana. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama nataka watu waache ibada. Nikamjibu ni mimi nitakayehamia ibada ya pili, wengine wasali wanavyosali.

Mwenda amerudishwa. Nimetuma chati mpya kwenye kikundi. Hakuna aliyeisambaza. Ile nyekundu bado inazunguka.

Jumamosi, 22 Machi

Mwenda anasema njia ya chini bado wanachungulia mitungi yake. Wawili wamehamia kwa mnunuzi mwingine. Akiwapoteza wengine wawili, safari haitamlipia petroli.

Leo si zamu yangu; ufunguo nimemwachia Kathure. Nimepanda nyuma ya pikipiki yake na karatasi ya nukta ndani ya sweta. Lango la kwanza ni la Mama Kinya. Nikaikunjua juu ya kifuniko cha mtungi. Akapitisha kidole polepole, Jumatatu, Jumanne, mpaka mwisho. Hapo kidole kikasimama.

"Na hizi zote za Sande ni za nani?"

"Zangu," nikasema.

Akanirudishia karatasi, akafungua kifuniko. Kisha akainua ndoo, akamimina maziwa yake mtungini. Tukaenda lango la pili.