Damu Kanisani kwa Ajili ya "Thou"

Manga, Nyamira
Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Magoti bado yanakusumbua? Na ile minazi ya nyuma ya nyumba imepata mkwezi, au mnangoja nazi ziwadondokee vichwani? Sisi tu wazima, ila si sote, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, na wewe ungepanda basi siku hiyo hiyo.

Mama, baba mkwe wangu amepasuka kichwa kanisani. Aliyemwangusha ni Nyakundi, mume wangu, mwanawe wa kumzaa.

Soma polepole. Kanisa letu lina ibada ya Kiingereza. Wazee wanataka Mungu aombwe kwa "Thou", lile neno la Biblia ya kizamani; vijana wanataka "You" ya kila siku. Wamenuniana tangu Pasaka. Najua unacheka. Sisi huko pwani tunamwambia Mungu "wewe" tangu tupate akili, na hakuna aliyewahi kung'olewa jino. Hata hawa Wakisii kwa lugha yao wanamwambia vivyo hivyo! Lakini Kiingereza bwana, kina wenyewe.

Jumapili baada ya ibada ukaitishwa mkutano. Mchungaji akanigeukia, "Madam, wewe ndio unafundisha Kiingereza. Hii Thou ilitoka wapi?"

Na mdomo wangu huu unaujua. Nikasimama. Nikasema zamani Waingereza walimwita mtu mmoja "thou", na wengi "you". Kisha wakubwa wakataka waitwe kwa ile ya wengi, kana kwamba tajiri mmoja ni umati. "Thou" ikabaki ya mtoto, ya mtumishi, ya mpenzi, ya mbwa. Ukimwambia bwana mkubwa "thou", umemtukana. Walikuwepo Wakristo waliokataa kubagua, wakamwita kila mtu "thou", hata hakimu, wakachapwa na kufungwa.

Baba mkwe akainuka na fimbo yake. "Kwa hivyo miaka yote hii mimi naita Mungu kama mbwa?"

"Hapana, Tata," nikamjibu. "Kama mtu wako wa karibu."

Hapo nikawa nimevuka mpaka. Huku mke wa mwana na baba mkwe wana heshima yao, wanaiita chinsoni. Hatupeani mkono, hatukai benchi moja, sembuse kujibizana mbele za watu. Mzee alikuja mbio na fimbo juu, na ilikuwa inakuja kichwani kwangu. Nyakundi akaidaka hewani, akamsukuma babake. Mzee akaanguka na paji la uso likagonga pembe ya benchi. Nilisikia mfupa.

Basi hapo ndipo wazee na vijana wakavaana. Mabenchi yaliruka, Mama. Mweka hazina alimvunjia mwalimu wa kwaya pua kwa kinanda. Mwenyekiti wa akina mama, yule anayetufundisha uvumilivu, alimng'ata kijana sikio hadi likachanika. Watu wakakanyaga meno ya watu sakafuni.

Mzee alikuwa chini, damu inamjaa machoni na mdomoni. Nyakundi amesimama kama gogo, fimbo ya babake mkononi. Hakuna aliyeinama. Nikavua leso uliyonipa, nikakibana kile kidonda. "Usiniguse!" akanguruma, akanipiga ngumi ya mdomo, mdomo ukapasuka. Nikazidi kubana. Tukateremka hadi Kisii kwa boda boda, dereva mbele, mzee katikati, mimi nyuma nimemkumbatia baba mkwe wangu kifuani njia nzima. Kila fahamu zikimrudia alinipiga kiwiko cha mbavu. Nilimchukia, Mama, na nilimshika.

Alishonwa, akapona. Tatizo sasa ni Nyakundi. Huku mtoto akimwaga damu ya babake, baba akimtaja kwa Mungu kwa ubaya, huyo mtoto amekwisha. Dawa ni mbuzi achinjwe na mzee akubali kula. Tulimpeleka mbuzi. Mzee alimfukuza kwa mawe.

Kabla ya hapo, akiwa bado kitandani hospitali, polisi walifika kumuuliza nani alimpiga. "Nilijikwaa kwa benchi," akasema. Afisa akarudia swali. "Afande, mimi ni mzee. Nilijikwaa." Nyakundi, aliyekuwa kando ya kitanda, akapiga magoti, akalia kwa kwikwi. Afisa alipotoka, mzee akamtazama mwanawe. "Polisi nimeambia nilijikwaa. Mungu bado sijamwambia."

Usinitafutie nauli, sirudi. Siwezi kumwacha Nyakundi sasa. Nisalimie kaka Kenga fundi wa baiskeli, shangazi Kadzo mkunga wetu, na mama mchungaji, umwambie atuombee kwa lugha yoyote.

Nimeiacha barua kidogo, nimerudi. Mzee yuko nyumbani tangu Jumatano, na kila asubuhi huomba kwa sauti. Nilimkuta Nyakundi amesimama chini ya dirisha lake, anasikiliza, nikasimama naye. Leo mzee ameombea wanawe kwa majina. Wa kwanza akamtaja. Wa pili akamtaja. Wa tatu ndiye Nyakundi. Tukamsikia anahema. Kisha akamruka, bila baraka wala laana, akamtaja wa nne.

Mwanao akupendaye,
Mbeyu