Safari ya Maskati ya Bw. Silima

CHAMA CHA WACHORAJI, UCHOCHORO WA MKUNAZINI
Kikao cha Jumamosi, 8 Februari 2025, dukani kwa Bi. Narjis, saa 10:15 alasiri

Waliohudhuria: Bw. Zakir (Mwenyekiti), Bi. Narjis (Makamu), Bw. Ridhwan, Bw. Silima, Bi. Tabia (Katibu).
Asiyehudhuria: Bw. Ahmada, safarini Pemba. Safari ya kweli. Tiketi ya boti imeonekana.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa dua, akawaomba wajumbe wasiseme wote kwa pamoja. Dua iliitikiwa.

KUMB. NA. 2/2025: BARUA YA JARIDA
Katibu alisoma barua ya jarida la madaktari wa afya ya akili. Picha ya Bw. Silima, "Saa ya Wageni", imechaguliwa kuwekwa kwenye jalada. Inaonesha kitanda cha wodi na kiti kitupu pembeni. Jarida linataka jina la mchoraji na sentensi moja ya kueleza aliichora wapi. Jibu lisipofika Jumatatu watachukua picha ya mtu mwengine.

Bw. Ridhwan alipongeza, akauliza mbona pichani hamna hata kima punju mmoja, na watalii hununua picha za kima. Alijibiwa kwamba wodini hawakuwapo.

KUMB. NA. 3/2025: SENTENSI
Mwenyekiti alieleza kwamba kumbukumbu za chama zinasema mwaka jana Bw. Silima alikuwa Maskati miezi mitatu. Basi iandikwe Maskati. Alisema mtu husitiriwa, jalada litafika mpaka mtaani Jang'ombe, na watu wana midomo.

Katibu anakiri kwamba uongo ule wa Maskati aliuandika yeye, kwa mkono wake, kwa kuombwa na Mwenyekiti.

Bi. Narjis alikumbusha kwamba Bw. Silima aliporudi alidaiwa zawadi, akagawa udi. Bw. Silima alieleza kwamba siku aliyotoka hospitali alipitia sokoni Darajani kuununua. Mwenyekiti alisema ulikuwa udi mzuri.

Bw. Ridhwan alidai hakuna aliyekatazwa kwenda hospitali kumtazama. Katibu alimuuliza yeye alikwenda siku gani. Bw. Ridhwan aliomba maji.

Bw. Silima alisema: "Mlinisitiri, nashukuru. Lakini wodini, kila ikifika saa kumi, saa ya wageni, nilikuwa nnakitazama kile kiti. Mgonjwa hutazamwa. Aliyeko Maskati, nani atakwenda kumtazama?"



ILIAMULIWA jina lake liandikwe kamili, na sentensi iwe: "Niliichora wodini, nilipokuwa naumwa." Mwenyekiti alisema hapingi, ila asiandikwe kwamba amekubali. Imeandikwa hivyo.

KUMB. NA. 4/2025: MASAHIHISHO
Katika kumbukumbu za vikao vitatu vya mwaka jana, palipoandikwa "Bw. Silima: safarini", pasomeke: "Bw. Silima: mgonjwa, amelazwa. Hakuna mjumbe aliyekwenda kumtazama, Katibu akiwemo."

Mwenyekiti aliyasoma mara mbili. Akaomba yaongezwe maneno "na Mwenyekiti". Yameongezwa.

Kikao kilifungwa saa 12:10 jioni, wajumbe wakawahi Magharibi.

Zakir ................ Mwenyekiti
Tabia ................ Katibu