Kura Zilizoandikwa Jina Lako

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza neno na wewe bila shikamoo, na mkono umekataa kuandika kitu kingine kwanza.

Nakuandikia nikiwa ofisi ya kijiji, kwenye meza yangu ya ukarani. Mtendaji amekwenda Bugomora kwenye kikao, mvua imekatika kidogo, na mlango nimeufunga kwa komeo, ingawa sijui ni nani angekuja kunifumania nikimwandikia marehemu. Unanijua. Ulikuwa unasema mimi ndiye mtu pekee hapa kwetu anayepiga hodi hata anapotoka.

Uchaguzi wa kitongoji umepita. Ulituacha ukiwa umekaribia, senene ndio kwanza wameanza kushuka. Bendera ya Juu bado iko pale njia panda, na Bendera ya Chini bado iko pale kwenye mashine ya kusaga. Bendera zote mbili za vyama zimechanika. Watu nao bado wanaitana hivyo hivyo, huyu wa Juu, yule wa Chini, kama vile ni koo. Nyumba yako imebaki katikati ya mteremko, na hata wale wenye midomo mirefu wakifika hapo kwenye migomba yako wanapunguza sauti.

Nakumbuka siku wazee walipokuja hapa ofisini pamoja na wale akina mama wenzako wa kubeba wagonjwa. Walitaka jina lako liandikwe kugombea uenyekiti wa kitongoji. Hawakutaka la Juu wala la Chini, walikutaka wewe. Nikafungua kanuni nikawasomea kwamba mgombea lazima adhaminiwe na chama cha siasa. Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi, mwavuli magotini. Ukaniambia, "Soma tena, baba, huenda ikabadilika." Watu wakacheka. Nikasoma tena. Haikubadilika.

Halafu wakaanza kukufuata na kadi za vyama. Wa Juu walikuja asubuhi, wa Chini wakaja jioni, wote wakanywa chai yako wakashiba. Ukawajibu kwa jibu moja: "Mimi nina kadi ya kliniki na kadi ya kanisa. Ya kliniki inataka nipone, ya kanisa inataka niokoke. Hiyo yenu inataka nini?"

Nilikusihi uchukue moja. Nilikwambia ni karatasi tu, Shangazi, ichukue uitie kabatini, sisi tupate mwenyekiti. Ulikuwa unamenya ndizi, hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Nikiichukua, siku machela ikifika mtoni, nani wa upande wa pili atanipa bega?"

Wote tunajua gari haliingii huku, na mgonjwa anayekwenda kituo cha afya lazima avushwe ule mto kwa mabega ya watu tangu daraja la miti liliposombwa. Wewe ndiye uliyekuwa unaita mabega hayo. Hukuwahi kuuliza bega ni la bendera gani.

Na zamu yako ya kuugua ilipofika, ulibebwa vivyo hivyo. Mbele walikuwa wawili wa Juu, nyuma wawili wa Chini, wakabadilishana katikati ya maji bila kuambiana. Mimi nilikuwa nyuma yao nimeshika viatu vyako. Hakuna aliyetaja chama. Mmoja alisema tu, "Taratibu, huyu ni mama." Nilidhani tumejifunza kitu. Lakini matanga yako hayajaisha, wakawa wamekwisha kukaa mafungu mawili uani kwako, kila fungu na dumu lake la pombe ya rubisi.

Siku ya kupiga kura niliwekwa kuwa karani wa kituo, pale darasani shuleni, nikaapishwa kiapo cha kutunza siri. Wagombea walikuwa wale wale wawili. Wa Juu ni yule anayetuahidi daraja tangu mwanao Koku yuko darasa la pili. Wa Chini ni yule ambaye hajawahi kulowa miguu mtoni, kazi yake ni kutueleza kwa nini mwenzake hafai. Dirisha lilikuwa wazi, nikawa nawasikia watu kwenye foleni.

"Unampa nani?"

"Nimpe nani? Huyu homa, yule kikohozi."

"Basi mpe kikohozi, angalau hakikulazi."

"Wee, ulimwona nani akazikwa kwa homa peke yake? Vinakuja pamoja hivyo."

Wakacheka, lakini walipoingia mmoja mmoja mbele yangu hakuna aliyekuwa anacheka. Walichukua karatasi kama mtu anavyopokea dawa chungu.

Mimi nilikuwa nimepiga kura mapema, kabla ya foleni. Niliweka alama ya vema ndani ya kisanduku cha mgombea, bila kugusa mstari. Nilimpa kikohozi. Niliona nimefanya busara, maana mtu aliyesoma hapotezi kura yake.

Jioni tukamwaga sanduku mezani. Mawakala wa vyama viwili walikuwa wamebishana kutwa nzima: meza ikae wapi, kalamu ni ya nani, nani amsindikize nani chooni. Msimamizi wa kituo alikuwa amechoka hadi macho mekundu. Kazi yangu ilikuwa kuinua kila karatasi, kuionyesha kwa wote, na kutaja.

Ya kwanza ilikuwa ya Juu. Ya pili ya Chini. Ya tatu haikuwa na alama yoyote. Ilikuwa imeandikwa jina lako katikati, kwa kalamu iliyokandamizwa: Ma Koku.

Wakala wa Juu akachungulia, akasema, "Hiyo imeharibika." Wa Chini akasema, "Imeharibika kabisa." Siku nzima hiyo ndiyo iliyokuwa mara yao ya kwanza kukubaliana.

Shangazi, hazikuisha. Mama Koku. Makoku, neno moja. Nyingine mtu ameweka vema kwa wote wawili, kisha akakata, kisha akaandika jina lako juu yao kama anayefunika kitu. Nyingine iliandikwa "Ma Koku angekuwepo." Moja haikuwa na maandishi, ilichorwa mistari miwili mirefu na mifupi kati yake. Wakala wa Juu akauliza, "Hii ngazi?" Mwenzake akasema, "Ngazi ya kupandia wapi?" Wakacheka. Mimi nilijua ni machela.

Na kila nilipoinua moja ilinibidi nitaje. Nilitaja jina lako nikasema imeharibika. Nikataja tena. Imeharibika. Nikataja tena... Sauti ikaniisha. Msimamizi akasema, "Karani, sauti. Hatukusikii." Nikakohoa, nikaendelea.

Tulipozipanga mafungu, fungu lako na la mshindi yalilingana kimo. La aliyeshindwa lilikuwa fupi kuliko yote mawili. Sikuthubutu kutazama sana, nisije nikaonekana ninapima. Msimamizi alitoka mlangoni akatangaza kura za wa Juu, na hapo hapo vigelegele na filimbi vikaanza, mshindi ameshainuliwa begani. Alitaja pia kura zilizoharibika, alizitaja kwa sauti kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyezisikia. Na ni nani angejua zimeharibika kwa jina gani?

Kesho yake mtendaji aliniita. Hakunifokea. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha: "Yaliyoonekana darasani yameishia darasani. Wewe ni kijana mzuri, na mkataba wako unakaribia kufanyiwa kazi." Nikasema ndiyo, mzee. Nilisema ndiyo mara mbili.

Tangu hapo wanakuja. Mmoja anakuja kuulizia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mwingine mbolea ya ruzuku. Akishamaliza, anasimama mlangoni, anajikuna shingo. "Karani, nauliza tu. Mtu akiandika jina kwenye kura, inahesabiwa?" Nami najibu kama nilivyofundishwa, kwamba inahesabiwa kuwa imeharibika. Anasema, "Aa, nilikuwa nauliza tu," anaondoka ameinamisha kichwa. Amekuja hata yule mzee aliyefunga Bendera ya Juu kwa mikono yake. Amekuja pia yule kijana wa bodaboda aendaye Murongo, ambaye wa Chini wanamtegemea kupaza sauti. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Kila mmoja ana haya, kama mtu aliyetoa sadaka ya kifungo cha shati kanisani.

Wiki iliyopita akaja Koku. Mimba imekuwa kubwa sasa, anatembea ameshika kiuno. Alikaa kwenye benchi akasema, "Kaka, mimi kura yangu niliitupa. Niliandika jina la mama. Nilijua ni ujinga, usinicheke."

Shangazi, nilimtazama mwanao nikamwambia asiwaze, mambo ya kawaida hayo. Ndivyo nilivyosema. Alitaka neno moja tu kutoka kwangu, kwamba hayuko peke yake, na ninalo, na nililimeza. Alipokuwa anatoka alishika mlango akavuta pumzi, nikawaza ule mto atakaovushwa siku ya uchungu.

Maana mto umejaa. Jumamosi iliyopita mwenyekiti mpya aliita watu kulaza magogo ya daraja. Wa Juu walikuja na majembe na kamba. Wa Chini walikuja pia, lakini wakavuka kwa shida wakakaa ng'ambo ya pili juu ya majani, wakasema daraja la washindi lijengwe na washindi. Gogo moja lilihitaji watu wa pande zote mbili kulipokea. Halikupata wa kulipokea, likaenda na maji. Wote wakalitazama likienda. Nikazitazama zile nyuso, huku na ng'ambo, na Mungu anisamehe, nilikuwa nautambua mwandiko wa wengi. Walikuwa wameshakubaliana jambo moja, kila mtu peke yake ndani ya kile chumba cha turubai cha kupigia kura, na hakuna aliyemjua mwenzake. Nilikuwa mimi tu ninayejua. Nikainama nikaendelea kuandika mahudhurio.

Nimekisoma kile kiapo upya. Nimekisoma kama ulivyotaka nisome ile kanuni, nikitumaini kimebadilika. Kinanikataza kusema fulani alimchagua nani. Sitamtaja mtu. Hakuna mahali kinaponikataza kusema kwamba walioandika jina lako walikuwa wengi. Hata hivyo naogopa. Naogopa mkataba, namwogopa mtendaji, naogopa mawakala wale wawili watakavyokubaliana tena, safari hii juu yangu. Sikufichi.

Lakini Koku hawezi kungoja mpaka niache kuogopa.

Jumamosi hii wataitwa tena mtoni. Nitasimama mahali pande zote mbili zinaponisikia, na nitawaambia kilichokuwa mezani siku ile: jina moja, fungu refu, na wengine wa walioliandika wako ng'ambo. Wataamua wenyewe la kufanya na magogo. Kama watanicheka, wanicheke. Kama sauti itakatika nitaanza upya. Na mkataba ukiisha nitarudi shambani kwetu kupalilia kahawa, kazi ambayo haina kiapo.

Nilikunyima kura yangu, Shangazi, na nilitangaza jina lako kuwa limeharibika. Sina namna ya kuyarudisha hayo. Pumzika. Migomba iliyo juu yako imezaa vizuri, Koku ameitegemeza kwa miti mipya ili isianguke na upepo.

Nakuahidi Jumamosi. Lakini Jumamosi ni mbali kwa mtu kama mimi, ninaweza kubadilika njiani. Kwa hiyo nafunga ofisi sasa hivi, napanda kwa Koku, nimwambie yeye kwanza. Nikishamwambia mtu mmoja sitaweza tena kurudi nyuma.

Kwa heri, Shangazi.

Mimi mwana wa kaka yako,
Anseli