Madrasa Pembeni mwa Shamba Langu

Sindeni, Handeni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Mbinga? Mimi mzima, nimenenepa hata sketi zinalalamika. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mtandao hukatika kabla sijamaliza kucheka.

Tulikubaliana likizo iliyopita kwamba mahindi yakinishinda na mwaka huu, nitaomba uhamisho nije kufundisha nyumbani. Uliumia kuniwazia niko peke yangu, kanisa liko mbali, na majirani wote ni Waislamu. Basi nililima kwa nguvu zangu zote. Mahindi yakabeba vizuri, na ngedere nao wakayaona.

Shamba langu limepakana na kimsitu walimozikwa wazee wa Kizigua. Mle haukatwi mti wala hapigwi mnyama. Watu huingia kwa heshima tu, kuwaombea dua marehemu wao. Ngedere wanalijua hilo kuliko mimi. Wanatoka, wanavunja mahindi, kisha wanarudi mle mle kunitazama wakitafuna. Nilikasirika mpaka nikalia. Nikaenda Hale kwa mwalimu mwenzangu, mjukuu wa manamba, wale vibarua wa zamani wa mkonge, akaniazima mbwa. Nikamfunga pembeni mwa shamba, kwenye njia.

Mama, njia yenyewe ndiyo ya kwenda msikitini. Alasiri alipita Maalim Athumani, anayefundisha madrasa, ana udhu wake na kanzu imepigwa pasi. Mbwa akamlamba mguu na kanzu kwa mapenzi yote. Mzee wa watu akarudi nyumbani kujiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini yao inavyotaka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni akaja. Nikapiga magoti kumwomba radhi.

"Inuka, mwalimu. Mbwa hana kosa, ila mrudishe kwao," akasema. "Na wale ngedere wanakaa kwa wazee wetu, hatuwezi kuwaua. Wakila ulichopanda, unaandikiwa sadaka."

"Maalim, sadaka gani ya shamba zima?"

Akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Haya, hapo una haki. Tutawaambia wapunguze."

Kesho yake akahamishia madrasa pembeni mwa shamba langu. Watoto wakaketi kwenye mikeka, wakasoma kwa sauti ya kusikika Korogwe. Ngedere wakachungulia, wakarudi ndani.

"Kisomo cha watoto hufukuza hata shetani," Maalim akaniambia. "Ngedere ni nani?"

Ikawa hivyo asubuhi kabla ya shule na alasiri baada yake, hadi mahindi yakakauka.

Nimevuna, mama, na furaha yangu sijui niipeleke wapi. Wanawake wa hapa walikuja kunisaidia bila kuitwa, tukapika makande. Maalim akaomba dua, nami nikafanya ishara ya msalaba mbele yao, na hakuna aliyegeuza uso. Mistari ya karibu na msitu nimewaachia ngedere. Sikuagizwa na mtu.

Nisalimie baba mdogo Kosmasi, mwambie pombe haikimbii, anywe taratibu. Msalimie dada Veronika na kichanga chake, na bibi mzaa baba umpe ugoro kwa niaba yangu.

Uhamisho siombi. Uliniuliza nikipatwa na jambo huku nani ataniombea. Wananiombea, mama, kwa Kiarabu, na watoto wote wanaitikia amina.

Mwanao,
Agata