Kwa Shangazi Dama, Aliyekuja Kumchukua Daudi

Shangazi yangu Dama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia tena, lakini sikulelewa kuanza maneno bila salamu, na wewe ndiye uliyekuwa mkali kuliko wote kwa jambo hilo. Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu wajukuu wanakujua kwa ulimi wako tu. Wanasema ulikuwa bibi wa maneno makali. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimeyala mengi. Lakini nataka wajue pia habari za Jumamosi na Jumapili ile ya Likoni, wakati wa vita, maana siku hizo mbili ndizo zilizofanya mimi na ndugu yangu tukakua chini ya paa moja.

Baba yangu, kaka yako, alikuwa Burma. Sisi watoto tulidhani Burma iko mbele kidogo ya Voi, kwa kuwa tulimwona akipanda treni pale kwetu Changamwe na treni ikaelekea huko. Aliondoka Daudi akinyonya. Nyumbani tukabaki mama, mimi na Daudi, na chumba cha pili alipanga mjane na binti zake. Wanaume wa jirani walikuwa bandarini usiku na mchana, maana meli za vita hazikujua Jumapili. Kwa hiyo ndugu yangu alikua katikati ya wanawake watupu, akajifunza kusema kwa kutusikiliza sisi. Kwetu pwani mwanamke akiitwa huitika abee, mwanamume huitika naam. Daudi alisikia abee kutwa kucha. Basi naye ukimwita, anageuka na uso wake mzito kama wa hakimu, anaitika, "Abee."

Sisi hatukuona kitu. Aliyeona ni Hawe, bibi yetu, mama yenu wewe na baba, siku aliyoshuka kutoka Rabai kuja kutujulia hali. Alimwita mjukuu wake, mjukuu akaitika, naye akaweka kikombe chini.

"Mwanangu yuko vitani anapigana," akasema, "na mwanawe huku anaitika kama bibi harusi."

Hakugombana na mtu. Alimaliza chai yake isiyo na sukari, akarudi kwake, na baada ya majuma machache ukaja wewe na kikapu cha kutilia nguo za mtoto.

Miaka yote ya ndoa yako hukujaliwa mtoto. Hawe alikuwa amekwisha kukwambia: kamchukue Daudi, alelewe Rabai kwenye wanaume, na atakuwa wako. Hukumficha mama lolote. Ulikaa mkekani ukamweleza yote, tena ukamwonyesha kaptula uliyomshonea kwa amerikani, na kwa jinsi ulivyokuwa ukiikunja na kuikunjua, hata mimi mtoto niliona kwamba unamtaka. Ulimtaka sana. Kwa hilo sijakulaumu hata siku moja.

Mama hakulia wala hakupiga kelele. Unamjua wifi yako, akishikwa na hofu ndipo anapozidi ukarimu. Alikwambia, "Wifi, safari si leo. Watoto hawa hawajatoka hapa tangu baba yao aondoke. Twende Likoni kwa kaka yangu wakapunge upepo, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu utakwenda naye."

Ukamtazama, ukacheka. "Unataka kakako amfundishe naam kwa siku mbili."

"Nataka watoto wapunge upepo," mama akasema, na usoni hakuonyesha hata kidogo kwamba ameshikwa.

Tukaenda. Daudi alipanda feri akiwa mgongoni kwako, ndani ya kaptula yako iliyokuwa kubwa mno, umeifunga kiunoni kwa kamba ya mkonge. Mimi nilibeba unga wa njano, ule wa wakati wa vita ambao hata kuku waliutazama mara mbili. Mjomba Samweli alikaa nyuma ya Likoni, pale panapoitwa Shika Adabu. Kama siku zile palikwisha kuitwa hivyo sikumbuki, lakini mpaka leo nikilisikia jina hilo nacheka peke yangu, maana ndiko tulikompeleka mtoto akashikishwe adabu.

Mjomba alikuwa kuli wa bandarini, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa meli. Mama alimnong'oneza shida yetu mlangoni, naye akaanza kazi kabla hatujatua mizigo.

"Daudi!"

"Abee, mjomba."

"Siyo. Wewe ni mwanamume. Sema naam."

"Naam."

"Haya, umejua. Daudi!"

"Abee."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. La ajabu ni kwamba naam aliijua. Akiulizwa kama anataka muhogo zaidi alisema naam vizuri kabisa, kama mzee wa baraza. Ila jina lake likitajwa tu, mdomo ulishika njia yake ya zamani. Mjomba hakumpiga, lakini kila mara alimrudisha mlangoni aanze upya, na sauti yake ilizidi kupanda. Mara ya mwisho Daudi alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mimi nilidhani anacheza. Wewe uliacha kucheka.

Mchana tukateremka pwani sote. Sehemu kubwa ilikuwa imezungushiwa seng'enge kwa ajili ya vita, na askari mlinzi akatuonyesha kipande ambacho watoto wangeweza kucheza. Shangazi, ile ilikuwa raha. Mama alitandika leso mchangani akalala usingizi mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na mdomo ulikuwa wazi. Wewe ulinifundisha kumtoa kaa shimoni kwa kijiti, ukaniambia kwamba baba yangu, askari wa Mfalme, aliogopa kaa mpaka alipooa. Nilicheka nikasahau kwamba Jumatatu inakuja. Nadhani hata wewe ulisahau.

Tulipoinua vichwa, Daudi hakuwepo.

Maji yalikuwa yameanza kujaa. Mama aliamka kwa kelele zetu, akakimbia mara huku mara kule, na sauti ikamkauka. Mjomba akasimama juu ya jiwe akaita kwa ile sauti yake ya melini, "Daudi! Daudi ee! Itika naam!" Hakuna jibu. Askari mlinzi naye akaja akaita. Hakuna jibu. Mjomba akazidi kupaza, na mimi nikaanza kulia.

Ukamshika mkono. Ulimwambia, nakumbuka kila neno, "Samweli, nyamaza. Umemtia mtoto hofu ya kuitika." Ukamgeukia mama. "Wifi, muite wewe. Muite kama unavyomwita nyumbani."

Mama akaita polepole, kama vile uji umeiva, "Daudi wangu."

"Abee, mama."

Ilitoka chini kabisa, kwenye uwazi wa mwamba tuliokuwa tumeupita mara nyingi. Uliingia majini na nguo zako zote. Ulimkuta amejikunyata, maji yamefika kifuani, anatusikia tangu mwanzo. Alikuwa ametusikia sote. Alinyamaza kwa sababu hakujua aitike vipi asikosee.

Ulimtoa ukamkabidhi mama. Hukumshika hata kidogo zaidi ya ilivyohitajika, ulimpitisha tu kutoka mikononi mwako mpaka mikononi mwake, kisha ukakaa kando ukikamua nguo. Jumapili tulisali, tukala, tukarudi kucheza, na Mjomba hakutaja naam tena. Alimbeba Daudi mabegani kutwa, akimwita kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo.

Jumatatu asubuhi, tukiwa tumekwisha kurudi Changamwe, mama alikunja nguo za Daudi akaziweka kando ya kikapu chako. Alikuwa ametoa neno lake, akalitimiza, na hilo nalo wajukuu walijue. Ukazitazama zile nguo muda mrefu. Kisha ukatia kikapuni muhogo aliotupa Mjomba, ukajitwika.

"Wifi," mama akasema, "na Mavyaa je?"

"Mama yangu niachie mimi. Nitamwambia mtoto ana mama, na anamwitika."

Ukamkumbatia Daudi, ukakaa naye kifuani, kisha ukaenda zako stesheni bila kugeuka nyuma. Nilikufuata kwa macho. Ulikuwa unatembea haraka, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi.

Tulikuja kusikia kwamba Hawe alikununia mpaka mahindi yakavunwa. Alikwambia, "Nilikutuma mtoto, ukaniletea muhogo." Nawe ukamjibu kwamba muhogo hauna mtu anayeulilia. Hakuna mwingine katika ukoo ule aliyethubutu kumjibu Hawe, na ulifanya hivyo kwa ajili ya mke wa kaka yako, mtu wa kuja tu.

Vita vikaisha, baba akarudi amekonda, na siku aliyosimama mlangoni akamwita mwanawe, Daudi akaitika naam safi kabisa. Hakufundishwa na mtu. Aliichukua kwa watoto wenzake njiani, bure, bila kuvuka feri wala kuzama majini. Mama alinitazama, mimi nikamtazama mama, tukaingia jikoni tukacheka mpaka machozi. Baba hakuwahi kujua.

Mimi nami nimezaa na nimelea, Shangazi, na sasa ndipo naujua uzito wa ulichokiacha mkekani kwetu. Mtu anayetamani mtoto, akapewa ruhusa na mama yake mzazi, na nguo zimekunjwa tayari, aseme hapana. Nakupenda kwa hilo. Ningekwambia ukiwa hai, lakini ungeniuliza nimeshiba nini mpaka naropoka, basi nikawa naahirisha.

Tulipokuzika, mchungaji alisema watoto wa marehemu wasogee, watie udongo kwanza. Watu wakatazama chini. Wote pale walijua huna. Mama, ambaye siku hizi hatembei bila kushikwa, akaniachia mkono. Akamshika Daudi, mwanamume mzima mwenye mvi, akapita naye katikati ya watu mpaka mbele.

"Huyu hapa ni mwanawe," akamwambia mchungaji. "Aliniachia nimlee."

Daudi akapiga goti, akatia udongo.

Lala, Shangazi. Umezikwa na mwanao.

Ni mimi,
Binti wa kaka yako