Chupa Nilizozifuta kwa Glavu

Dada Aune,

Huku wazima. Ziwa limeganda, na bingwa wa kuvua barafuni bado ni mimi, usibishe.

Zile chupa ulizonitumia nijaze maji ya bomba, maabara yenu ihesabu chembe za uchafu, uliandika nisiguse ndani. Mimi nifundishwe usafi? Nikazifuta ndani kwa glavu ya sufu, nikajaza, nikakutumia.

Majibu yamekuja: nyuzi tele! Mzee Veikko wa mtambo wa maji kasimamishwa kazi, eti hasafishi chujio. Jana dukani, nikichukua maziwa, kanitania, "Bingwa, leo unavua maziwa?" Nikashindwa hata kumtazama.

Waambie wakubwa zako kosa ni langu, nyuzi ni za glavu yangu. Veikko nitamwambia mwenyewe leo. Naona aibu, dada, lakini viatu nimeshavaa.

Mdogo wako,
Oiva