Kiti cha Mbele cha Caprice

Irving, 4 Februari 2024

Shemeji Yasinta,

Salamu nyingi. Natumaini baridi ya Houston imekuhurumia na magoti yanakubeba. Mimi figo zimekoma. Wauguzi wakipita mlangoni wanapunguza sauti.

Unalikumbuka gari letu, Caprice ya 1978? Kaka Elia alitaka lile la zamani, refu kama basi. Mimi, msomi wa uhandisi, nikambishia: hili wamelipunguza nje, ndani nafasi imeongezeka. Akanisikiliza.

Usiku wa ile harusi ya 1983 alikunywa, ndiyo maana akanipa funguo. Niliyeendesha ni mimi, shemeji. Sikuwa na leseni. Nilisinzia njiani kurudi Houston, karibu na mji wa Corsicana, gari likapinduka, tukarushwa nje wote wawili. Polisi alipouliza, niliogopa kurudishwa nyumbani. Nikasema aliyeendesha ni Kaka, ambaye alikuwa amekwisha kufa.

Mwambie Method baba yake hakuendesha amelewa. Nina Caprice nyingine ya mwaka uleule, nimeitunza gereji miaka ishirini. Ni yake. Aje nimweleze kwa mdomo wangu kabla sijafa.

Baba Mdogo wa Method,
Melkiori


Irving, 10 Machi 2024

Shemeji,

Hujambo? Mimi sasa nalishwa. Kila gari likiegeshwa nje nadhani ni Method. Nitukane, lakini nijibu.

Baba Mdogo


Houston, 21 Machi 2024

Shemeji Melkiori,

Pole kwa maradhi. Mimi nipo.

Barua zote mbili zilifika. Nilikuwa najua. Siku ya tatu baada ya ajali nilikwenda kwenye yadi walikolivuta gari. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja, mlango hadi mlango. Mmoja akikisogeza, mnasogea wote. Kilikuwa kimevutwa mpaka karibu na usukani. Mume wangu alikuwa na futi sita na inchi tatu. Aliyekaa pale kuendesha ni mtu mfupi.

Method alipofika miaka kumi na sita nilimwambia. Akacheka. “Mama, Baba Mdogo hawezi kudanganya. Unamtetea mlevi wako.” Nikakungoja wewe useme.

Method tulimzika Novemba iliyopita. Ini. Kila nilipomficha chupa alisema, “Niache, Mama, hii ni damu ya baba.”

Gari baki nalo. Na jina la Baba Mdogo usilitumie tena.

Nijibu jambo moja tu, ukiweza: Elia alisema nini mwisho?

Mama Method


Irving, 27 Machi 2024

Shemeji,

Sina haki ya kukuuliza hali.

Tulipotoka Irving, magoti yake yaligusa dashibodi. Akasema, “Mfupi wewe, umenikunja kama shati.” Tukacheka sana. Baadaye macho yangu yalikuwa mazito, na nadhani aliona, kwa sababu aliniwekea mkono begani.

“Mdogo wangu, umechoka? Tusimame tulale kidogo.”

Nikamwambia, “Hata kidogo, Kaka. Wewe lala.”

Melkiori